Uso Wangu Kwenye Chupa ya Mvinyo

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Ilikuwa kwenye nyumba ya wageni pale Ikwiriri, karibu na stendi. Mwenye nyumba, mama mmoja wa sauti nzito, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Wanywa?"

"Sinywi, mama. Sijawahi."

"Basi chukua aproni hiyo. Aliyekuwepo kabla yako alikuwa akiwashinda wateja kwa kunywa."

Ndivyo mimi, Saidi, kijana wa Mtunda niliyetoka chuoni kwa mwalimu na juzuu zangu kichwani, nilivyoingia katika kazi ya kuhudumia vinywaji. Wapo waliosema hata kubeba chupa ni dhambi. Hao nawaheshimu, na hesabu yangu kwa Mola nitaitoa mwenyewe. Ninachotaka vijana wajue ni namna kazi hii ilivyofanywa na mtu ambaye kinywa chake hakikuguswa na tone, na namna alivyolipwa kwa hilo.

Pale Ikwiriri wateja wetu walikuwa wafanyabiashara wa ufuta na mpunga, na maofisa waliokuja kwa semina. Wakati wa kipupwe, baridi ya Juni hadi Agosti, ndipo walipouliza mvinyo wa Dodoma. Mama yule alinifundisha jambo ambalo hadi leo nikiingia kwenye mahoteli naliona likikosewa, na damu inanichemka. Kwa kuwa nchi yetu ni ya joto, mhudumu husukuma kila chupa kwenye friji. Mvinyo mwekundu ukiugandisha hivyo, harufu yake yote hufa, ukabaki ukakasi mtupu. "Huo si soda," alikuwa akinikaripia. "Uache kabatini, upate joto la chumba."

Kutoka hapo nilihamia kambi ya watalii kwenye ukingo wa Mto Rufiji. Huko nilimkuta Meneja wa kwanza, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, na Mpishi Mkuu, Mgogo ambaye baba yake alikuwa na shamba la zabibu. Sisi watatu tukatengeneza utaratibu wetu. Shehena mpya ikifika, Mpishi alifungua chupa kwa kizibuo, akamimina kidogo kwenye glasi ya mguu. Mimi nilinusa. Yeye alionja, akatema kwenye ndoo. Kisha tulibishana.

"Zambarau," nilisema.

"Zambarau zilizoiva, na nyuma yake kuna bibo, tunda la mkorosho," alijibu, akijifuta mdomo. "Huu una ukakasi. Huu ni wa nyama."

Tulizungumza kwa matunda tuliyoyajua, na wageni wakatuelewa vizuri, maana asiyelijua bibo tulimletea moja kutoka jikoni akaling'ata. Kwa wageni wa kipupwe, waliokuja mezani wamejifunika mablanketi kwa ukungu wa mtoni, nilipendekeza ule mwekundu mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, pamoja na mbuzi wa kuchoma. Kama wanakula kamba wa delta, wale wanaoletwa kwa boti kutoka upande wa Kiongoroni, niliwapa mweupe hata kama meno yao yanagongana kwa baridi. Na mwekundu mtamu, ambao wajuzi wa mjini wanaudharau, Mpishi aliupasha moto kwa karafuu na mdalasini, nikawapelekea karibu na moto wa kuni. Huo walikuwa wakiugombania.

Lakini kila mara, kabla ya kumimina, nilisema maneno yale yale: "Mie sinywi. Mpishi ameonja, mie nimenusa." Meneja wa kwanza alinisikia siku moja, nikadhani atanikemea.

"Endelea hivyo hivyo," alisema. "Mgeni akijua humdanganyi, hana haja ya kukuchunguza."

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu siku hizi ukimuuliza mhudumu chupa ipi inafaa, anakujibu "zote nzuri tu" huku anachezea simu. Hiyo si kazi. Ni kusimama tu karibu na chupa.

Meneja wa kwanza alipostaafu, nami nikiwa nimeshazeeka kazini, akaja Meneja Mkuu mwingine, na nyuma yake akaja Meneja wa Masoko, kijana wa Dar mwenye kamera. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Kila asubuhi shikamoo. Alinipiga picha nyingi: nikipanga meza, nikifuta glasi, nikinusa mvinyo mpya pua ikiwa ndani ya glasi. Hakuniambia za nini, nami sikumuuliza; nilidhani ni za ukumbusho.

Msimu ule nilikwenda likizo Mtunda. Nyumbani nilikuwa na kazi nyingine, isiyo na mshahara: nilikuwa mwosha. Mwanamume akifa kijijini kwetu, mimi ndiye niliyekuwa naitwa kumwosha na kumvika sanda. Kazi hiyo haombwi mtu yeyote tu. Huombwa yule ambaye watu wamemwamini mikono yake na siri yake. Siku ya pili ya likizo akafariki jirani yangu mzee Omari, mtu tuliyecheza naye utotoni, aliyeniambia kwa mdomo wake kwamba siku yake ikifika niwe mimi. Nilichukua kanzu yangu nikaenda. Mwanawe, Hamisi, akasimama mlangoni.

"Ami, shikamoo. Tunashukuru umekuja. Ila tumeshampata mtu mwingine."

"Mtu gani mwingine? Baba yako aliniusia mie."

Hamisi akatazama chini. Kisha akatoa simu, akanionyesha. Nilikuwa mimi, pua ndani ya glasi, nimefumba macho kama mtu aliyekolea. Chini yake waliandika: "Kila kipupwe, Mzee Saidi anakunywa huu. Wewe je?"

"Kwani ami, wanywa siku hizi?"

Nilimwambia sinywi. Nilimweleza kunusa na kuonja, Mpishi na ndoo yake. Alinisikiliza kwa heshima zote, na hakusogea mlangoni. Ndani nilisikia maji yakimiminwa. Nililia uani kwa watu, na sikuona haya.

Nilirudi kambini kabla likizo haijaisha, nikaenda moja kwa moja kwa Meneja wa Masoko.

"Shikamoo mzee wangu! Umeona tunavyotrendi?"

"Mie sinywi. Nani kakwambia nakunywa?"

"Ah, mzee, hiyo ni stori tu ya kuuzia. Nani atanunua mvinyo kwa mtu asiyeunywa?"

"Wameununua kwangu miaka yote, nikiwaambia ukweli. Uza mvinyo, usiniuze mie!"

Nilipiga meza. Sijawahi kupiga meza ya mkubwa maishani mwangu. Meneja Mkuu akaitwa, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi kwamba mabango yameshachapishwa, msimu ukiisha tutaongea. Basi msimu wote kila mgeni aliyenionyesha ile picha nilimwambia: ni uongo, huyo anayenusa hajawahi kunywa. Wengine walicheka, wengine waliniomba radhi kana kwamba kosa ni lao, na karibu wote waliagiza. Hata hivyo nikaondolewa mezani, nikapelekwa stoo kutunza vitambaa. Huko nilikaa mpaka kustaafu, na ile picha haikuondolewa.

Siku ya kuniaga walipamba ukumbi. Meneja Mkuu alinisifu kwa uaminifu, nikawa najiuliza neno hilo analitumia kwa maana gani. Kisha nikakabidhiwa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Nikafungua. Ilikuwa chupa ya mvinyo mwekundu, na kwenye lebo nilikuwa mimi, pua ndani ya glasi. "Chaguo la Mzee Saidi." Wakapiga makofi.

Nilimwomba Mpishi Mkuu kisu na kitambaa cha maji ya moto. Alivileta bila kuuliza, naye pekee hakuwa amepiga makofi. Nikalowesha lebo, nikaibandua taratibu mbele yao mpaka ikatoka nzima. Chupa nikaiweka mbele ya Meneja Mkuu.

"Mvinyo ni wenu. Huyu ni wangu, naondoka naye."

Vijana wanaojifunza kazi hii leo wananiuliza kipupwe wapendekeze nini. Nawaambia: mwekundu wa Dodoma, usitiwe barafu, na useme kama umeuonja au hukuuonja. Hakuna mshahara wa kutosha kununua kinywa chako kikasema usichokifanya. Na mtu akikupiga picha, muulize ya nini, hata kama amekuamkia.

Mtunda bado watu wanafariki, na bado naenda. Nakaa uani na wazee wenzangu, kanzu yangu safi, na mtu mwingine anaitwa ndani. Ile picha ya kwenye chupa niliibandua kwa mikono yangu. Hiyo iliyo ndani ya simu za watu nitaibandua kwa kisu gani?