Nilipoisahihisha Mbizi Kuwa Mbuzi

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyotoka bwenini asubuhi na fimbo ya kuchungia mkononi, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekaribia kumwua mtu. Sikuwa na ugomvi naye. Niliogopa tu kumwambia neno moja. Kaa hapo, hiyo simu iweke pembeni kidogo, maana Jumatatu unakwenda chuo na mimi sitakuwepo huko kukuuliza kama umekula.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, chuo cha ualimu, Mwanza. Enzi zile za ujamaa ukifaulu ulipangiwa, hukuchagua. Mimi kijana wa Bashay, mji mkubwa niliowahi kuuona ni Mbulu mjini. Nikapanda lori hadi Katesh, nikaupita mlima Hanang nimekaa juu ya magunia ya ngano, na siku ya tatu nikashuka mahali ambapo watu wa mikoa yote walikuwa wakitaniana, wakigombana na kuota ndoto kwa Kiswahili. Kwangu mimi Kiswahili kilikuwa cha darasani na cha kanisani. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, hata ng'ombe tuliwafokea kwa Kiiraqw.

Wiki ya kwanza wenzetu wa mwaka wa pili walitutangazia vikundi: kwaya, ngoma, mdahalo, mpira, na kundi la kwenda mjini kuangalia sinema. Nilivitaka vyote. Usicheke, na wewe utavitaka. Nikaanza na mdahalo. Mada ilikuwa vijiji vya ujamaa, na hoja nilikuwa nayo, nzuri tu. Nikasimama, nikasema, "Ndugu mwenyekiti, wasee wetu walilima pamoja tangu zamani."

Ukumbi mzima ukacheka. Unaujua ulimi wa kwetu, "zee" inatoka "see". Wiki nzima, kila nikisimama kwenye foleni ya chakula, kulikuwa na mtu wa kuniinamia na kusema, "Shikamoo, msee." Walikuwa wanatania, sasa naelewa. Wakati ule niliona kama wananivua nguo. Nikaanza kuyapima maneno kabla ya kuyatoa mdomoni, na yenye z nikayaacha kabisa. Hofu nililala nayo, nikaamka nayo. Sikuogopa mwalimu, sikuogopa mtihani. Niliogopa kuchekwa tena.

Ndipo nikaona tangazo ubaoni, limeandikwa kwa mkono: "Kikundi cha mbizi. Anayetaka aandike jina hapa chini." Mbizi sikuwa nimelisikia tangu nizaliwe. Nikajua tu mwandishi amekosea. Chuo kilikuwa na miradi ya kujitegemea, bustani na kuku, nami nikasema moyoni, haya sasa wanaanza mbuzi, na mbuzi hakuna wa kunifundisha. Hapakuwa na mtu karibu. Nikatoa kalamu, nikaigeuza ile i kuwa u, nikaandika jina langu chini ya mengine. Nilitembea siku hiyo kifua mbele.

Jioni yake chuo kizima kilikuwa kinamtafuta aliyesahihisha tangazo. Walishampa na jina, Bwana Mifugo. Nilicheka pamoja nao, kwa sauti kuliko wao. Lakini bado sikujua mbizi ni nini, na sikuthubutu kuuliza, maana atakayeuliza ndiye Bwana Mifugo. Nikajipa moyo kwamba labda ni aina ya mbuzi wa huko. Ndiyo maana Jumamosi nilikwenda na fimbo.

Tulitembea mpaka ziwani, mahali penye mawe makubwa. Kiongozi wetu aliitwa Ndaki, Msukuma wa mwaka wa pili, mpole, mwenye mabega mapana. Mwalimu wa michezo, mzee mfupi mwenye miwani, alikaa kivulini mbali kidogo akisahihisha madaftari yake. Wenzangu wakavua mashati, mmoja akapanda jiwe refu, akajirusha kichwa mbele, akapotea majini. Ndipo nikajua mbizi ni nini. Bibi yangu mzaa baba alitukataza hata kupita kwenye chemchemi jua likiwa utosini, kwa sababu ya wakaao mle ndani, ambao yeye mwenyewe hakuwataja kwa jina. Na haya hayakuwa maji ya chemchemi. Haya hayakuwa na ng'ambo.

"Fimbo ya nini?" Ndaki akaniuliza.

"Ya nyoka," nikasema.

Akawageukia wote. "Asiyejua kuogelea aje kwangu, tuanze na maji ya magotini. Hakuna aibu."

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Mkono wangu ulishaanza kuinuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bwana Mifugo ndiye asiyejua, tumwone leo." Wakacheka, na mkono ukarudi chini wenyewe.

Ndaki akanikaribia, akaniuliza taratibu ili wengine wasisikie, "Wewe unajua?"

"Najua. Kwetu kuna ziwa Basotu."

Basotu nilikuwa nimeliona mara moja, kutoka mlimani, nikimfuata baba mnadani. Lakini Ndaki aliniamini. Utaratibu ulimtaka anipime kwanza kwenye maji mafupi, na alitaka kufanya hivyo. Nikamwambia haina haja, nikapanda jiwe kwa haraka kabla hajanishika. Nilikuwa nataka yaishe, basi. Huko juu niliwaza kwamba nikishuka kwa miguu watajua, na nikiruka huenda maji yenyewe yatanisaidia. Mtu mwenye hofu huwaza hivyo, na anaona ni akili.

Nikaruka.

Sitakueleza sana. Kulikuwa na kijani, halafu kukawa na giza, na nilikuwa nakanyaga nisipate cha kukanyaga. Niliita kwa Kiiraqw, maji yakaingia mdomoni. Kisha nikagusa mtu. Ndaki alikuwa amenifuata. Nikamshika shingoni kwa mikono miwili, nikambana kwa nguvu zote za mtu aliyelima tangu utoto. Alijaribu kunitoa. Alinipiga kifuani, nikazidi kubana. Nilijua ni yeye, mwanangu. Hilo ndilo sijawahi kulisema hapa nyumbani. Nilijua ni Ndaki, nilijua namzamisha, na sikumwachia.

Walitutoa wengine, wanne au watano, wakatuburuta mpaka kwenye jiwe la chini. Mimi nilitapika maji nikakaa. Ndaki hakukaa. Walimlaza kifudifudi, mwalimu akaja mbio bila miwani, akaanza kumkandamiza mgongoni. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, na shingoni alikuwa na alama za vidole vyangu. Nilizihesabu, zote zilikuwepo. Msichana mmoja aliyekuja kutazama alianza kusali. Mimi sikuweza hata kusali, nilimwangalia tu mgongo wake kama utapanda. Haukupanda. Mwalimu akakandamiza tena, na tena, jasho likimdondoka. Sijui ulikuwa muda gani.

Kisha akakohoa.

Mwalimu alipohakikisha anapumua, hofu yake ikageuka hasira. "Ndaki, huyu ulimpima kabla hajapanda jiwe?" Ndaki hakuweza kusema, koo lilikuwa limeziba, akatikisa kichwa tu. "Basi kesho ofisini kwa mkuu wa chuo." Sote tulijua maana yake. Aliyehatarisha maisha ya mwanachuo alifunga sanduku lake.

Nami nilinyamaza. Baada ya yote yale, mwanangu, nilinyamaza bado. Nilikuwa nahesabu: nikisema, mimi ndiye nitakayerudi Bashay, na baba atawaambia nini watu waliokuja kunisindikiza mpaka kwenye lori? Ndaki aliinua macho, akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri.

Nikasimama. "Mwalimu, sijui kuogelea. Aliniuliza, nikamdanganya. Alitaka kunipima, nikamkimbia. Sijawahi kuingia kwenye siwa lolote. Na tangazo ni mimi."

Nilisema siwa, hivyo hivyo, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka.

"Neno hilo ungelisema saa tatu," mwalimu akasema, "lisingemgharimu mtu kitu. Umelisema saa tano." Akageuka, akamsaidia Ndaki kuvaa shati.

Hawakunifukuza. Nililima bustani ya chuo muhula mzima nikiwa nimezuiwa vikundi vyote, na nilistahili zaidi. Ndaki alibaki chuoni. Lakini alikuwa ndiye sauti ya chini kabisa katika kwaya yetu, sauti iliyofanya watu wa mjini waje kanisani kwetu Jumapili, na sauti ile haikurudi. Alijaribu mara mbili, akaishia kukwaruza, akakaa benchi la nyuma na wasikilizaji. Nilimwomba radhi. Akasema, "Ungeniambia tu, ndugu yangu, ningekushika mkono." Hakunilaumu siku hiyo wala nyingine. Heri angenilaumu.

Sasa sikiliza ninachotaka uondoke nacho. Jaribu kila kitu huko. Imba, cheza, ingia mjini ukaone watu wanavyoishi, sitaki urudi hapa hujui zaidi ya ulivyoondoka. Lakini ukifika mahali hujui, sema hujui, siku hiyo hiyo, kwa lafudhi yako hiyo hiyo ya Mbulu. Watakucheka. Kicheko kitakuuma mpaka jioni, au wiki, halafu watapata mwingine wa kumcheka. Ukificha, siku utakapozama hutazama peke yako. Utamshika aliye karibu, na aliye karibu ni yule aliyekupenda kiasi cha kukufuata. Mimi niliwafundisha watoto miaka mingi baada ya pale, na kila darasa jipya nilianza kwa kuuliza nani hajui, nikamshukuru wa kwanza kunyoosha mkono. Sikuwaambia kwa nini.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe chakula cha kutosha na usingizi wa kutosha. Akukutanishe na watu wenye moyo, na akuzuie wewe usiwe msiba kwa yeyote kati yao. Mimi nimekubariki, na bibi yako amekubariki. Ukawe salama, na wote watakaokaa karibu na wewe wawe salama.