Nchi Yenye Mto Juu

Sitaki unicheke. Mimi si mutu wa kutunga hadithi. Shule niliachia darasa la tatu, studio yangu hapa Kindu niliijenga kwa jasho langu, na kompyuta nilijifunza peke yangu nikiwa na mvi. Ninayokuambia niliyaona kwa macho haya mawili.

Kazi yangu ni kutengeneza foto. Watu wa kilio njo wananilisha: wanaleta foto ya marehemu, ninaikata, ninamuweka mbinguni. Mawingu, ngazi ya dhahabu, njiwa wawili. Mbingu yangu inapendwa mpaka Kibombo. Lakini marehemu wangu mwenyewe, muke wangu Zaina, sikuwa na foto yake hata moja. Wakati wa vita studio ya kwanza iliungua na kila kitu. Tukakimbilia porini upande wa Lokandu, na huko homa ikamchukua. Nilimzika bila sanda. Na uchungu wenyewe ni huu: miaka ilivyokwenda, sura yake ilianza kunitoka. Mapishi yake nakumbuka, vitenge nakumbuka, uso hapana. Wewe umewahi kusahau uso wa mutu unayempenda? Usiombe yakufike.

Jioni moja, mvua inapiga, akaingia mwanamke wa makamo, simfahamu. Kitenge chake kikavu. Niliona, lakini mteja ni mteja. Akatazama mbingu zangu ukutani, akacheka.

"Papa, kule ulishafika?"

"Bado, mama."

"Njo maana. Ngazi ya nini? Mutu amekufa na magoti mabovu, bado unamupandisha ngazi?"

Nilikasirika, nisikufiche. "Basi sema wewe, kule iko namna gani?"

"Kaa kwa mashini yako. Muto uweke juu."

Nikachukua foto ya Lualaba, nikaipindua, nikaibandika mahali pa anga. Mitumbwi ikaning'inia vichwa chini. Akataka michikichi, mizizi yake inywe maji ya kule juu. Akataka reli ipite juu ya masuke ya mpunga bila kuyalaza. "Na ule mwezi punguza, papa, huu si sahani ya mukubwa!" Kila nilipofuata neno lake nchi ile ilizidi kupendeza, mpaka hasira ikaniisha. Niamini, chumba kizima kilinuka mpunga mbichi.

"Pale kando ya reli anakaa mwanamke, anapepeta mchele. Niweke mimi."

Nikampiga foto, nikaanza kumkata. Wenye kazi hii wanajua: ukikata unakuza sana, mutu humuoni, unaona vipande tu. Nikafuata bega. Nikafuata shingo. Nikafika kwenye sikio, kubwa kama ungo, na ncha yake imechanika. Mkono ukasimama. Sikio lile nililijua! Mtoto wa dada yangu alivuta hereni siku ya harusi yetu, wageni wote wakapiga kelele. Nikapunguza foto polepole, naogopa.

Zaina. Kijana vilevile, anacheka na mwanya wake.

Kugeuka, kiti cha mteja kitupu.

Nililia, ndiyo. Kisha nikala wali na sombe ya majani ya muhogo, nikalala kama mtoto mchanga. Tangu siku ile uso wake haujanitoka tena.

Foto njo ile ukutani. Kila anayeingia anataka nimuweke katika nchi ile, na mimi ninakataa. Unajua kwa nini? Nilijaribu kwanza na jogoo wangu. Nilimpiga foto, nikamkata, nikamsimamisha karibu na Zaina, kifua mbele, anatazama reli. Asubuhi hakuwika. Nilitafuta uwanja mzima, hata nyoya hakuna. Nikafungua foto: jogoo ameinamisha kichwa, anadonoa mchele miguuni pa Zaina.

Kwa hiyo wewe, hata uje na maneno matamu, usiniombe. Mbingu ya njiwa nitakupa, ile haina madhara. Nchi ya mto juu hapana.

Foto yangu mwenyewe nimeshaikata, kingo safi, suti yangu ya kijivu. Iko ndani ya mashini, inangoja nafasi ile iliyobaki kando ya ungo wa Zaina. Lakini sina haraka. Kazi inaenda, sombe bado tamu. Kwa sasa Zaina avumilie kelele za jogoo.