Mamba Niliyemwona Mafia

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, kisiwani Mafia. Darasa letu lilikuwa limetoka Bariadi kuja kumwona kasa. Mimi, mwenye aibu zangu, nilikuwa nimejisifu njia nzima kwamba sisi wa Lamadi, watoto wa ziwani, maji tunayajua.

Tukaingia majini na miwani na mirija ya kupumulia. Mara chini yangu kikapita kichwa chenye magamba. Nikachomoa mrija, nikamlilia mama kwa lugha ya kwetu.

"Mayu, mamba!"

Wote wakagombania boti. Mwongoza watalii wetu, aliyebaki botini, akacheka hadi akakaa.

"Binti, huyo ndiye kasa. Umeshamfukuza!"

"Si ulisema maji unayajua?" akauliza Neema, jirani yangu wa dawati.

Kesho yake asubuhi nilirudi majini nimeuma mrija kwa nguvu, ili hata mamba akija kweli, nisiweze kusema.