Masta Yako Usiiache kwa Ajili ya Posa

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kizuka, na nikiikumbuka damu bado inanichemka. Nilikuwa nimeanza masta ya uchumi Bujumbura, mtoto wa watu waliorudi juzi juzi kutoka ukimbizini Kigoma. Ukoo wa kijana mmoja ukaja kwa baba kufata irembo, yaani kunishikia nafasi kwa bia kabla ya mahari. Kijana mwenyewe nilimpenda, sikufichi.

Msemaji wao alisimama akatusifu weee, kisha akamalizia hivi: "Huyu mutoto amesoma ya kutosha. Kwetu masta haina kazi. Uchumi iko kuhesabu franga za wengine tu." Wanaume wakacheka. Baba akaitikia kwa kichwa.

Bia ikamiminwa. Ukinywa bia ya wageni umekubali neno lao, na katika ukoo wetu shangazi ndiye hunywa kwanza. Shangazi yangu, mkamua mawese, alipewa glasi akaiweka chini. "Mutoto hajamaliza shule," akasema. "Akimaliza, mrudi. Leo sinywi." Posa ikafa papo hapo.

Nilimfuata jikoni kumshukuru. Akanigeukia kwa ukali: "Na wewe? Umesoma mahesabu mpaka Bujumbura, kusema hapana ndiyo imekushinda? Nikifa mimi, nani atakusemea?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kijana hakurudi. Nililia, kisha nikasoma. Niliandika tasnifu juu ya wakulima wa Kizuka, kwa nini huuza mawese wakati bei iko chini kabisa. Nikafanya kazi wizarani, nikafundisha chuo kikuu, na siku hizi nakaa na wavuvi wa Gitaza kupanga wataishije uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaliane. Hiyo ndiyo kuhesabu franga za wengine? Upuuzi mtupu.

Na jana nasikia nini? Kwamba baba yako, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye siku ile alikuwepo, amewaahidi watu wa mchumba wako kuwa utaiacha masta katikati. "Mkataa pema, pabaya panamwita," ananiambia mimi! Pema gani hapo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimemjibu maneno ambayo dada hamwambii ndugu yake, na radhi simwombi.

Lakini wewe, mwanangu, ndiye umenikasirisha zaidi. Mama yako anasema uliinamisha kichwa ukanyamaza, na wageni wakakusifu kuwa una adabu. Adabu gani ya kumwachia mtu maisha yako ayapange wewe ukitazama sakafu?

Sikiliza basi. Uchumi ni mgumu, na masta peke yake haimpi mtu kazi. Utapeleka maombi mpaka uchoke, utaanza na kibarua ambacho majirani watakicheka. Hayo vumilia, mvumilivu hula mbivu. Ila usivumilie kukatishwa safari na watu wasioijua njia yake. Jumamosi watu wa mchumba wako wakija na bia yao, simama mbele ya baba yako, kwa heshima, useme unamaliza kwanza. Kijana akikupenda atangoja, na asipongoja umejua mapema. Mimi ndiye shangazi wa kunywa kwanza, nitakuwa nimekaa pale pale. Ukisema, nitasimama nawe mpaka mwisho. Ukinyamaza, nami nitanyamaza.

Mungu akupe sauti, mwanangu, na aibariki siku utakapoitumia.