Ijumaa ya Kuunganisha

Karani wetu wa masjala hutundika kalenda mpya kabla hata hajafungua dirisha. Hulamba kidole, hufunua kurasa, na kila akikuta sikukuu iliyoangukia Alhamisi huguna kwa furaha, akaizungushia wino mwekundu pamoja na Ijumaa yake, ya kuombea likizo. "Hapa naunganisha," husema, kwa sauti ya mtu anayepanga harusi. Mimi hujifanya sina habari, kumbe jicho liko begani kwake, nanakili kila duara. Mwaka huu nikaomba likizo ileile, nikaitangazia nyumba nzima kwamba nitalala mpaka nichoke. Wakwe zangu wakasikia, wakaja wote, pamoja na watoto wa shemeji. Ijumaa asubuhi nikaaga kwamba nimesahau mwavuli ofisini, nikatoka mbio mbio.

Mlango wa masjala ulikuwa wazi. Karani alikuwa peku, miguu juu ya meza, akimenya chungwa taratibu bila kukata ganda. Hakushtuka hata kidogo. "Nimefuata mwavuli, dada," nikasema, na nje jua linawaka. Akanisogezea kiti kwa mguu, akanimegea chungwa.

"Kaa, mdogo wangu. Wageni wako wanaondoka lini? Wangu Jumapili."