Fuko na maporomoko ambayo mkewe hajayaona

Saa moja asubuhi, mchimba visima anajifunga kamba kiunoni, anaivuta kuijaribu, kisha anakaa kwenye ukingo wa kisima alichoitwa kukisafisha. Upande wa pili wa kapi, gurudumu linalopitisha kamba hiyo, mkewe ameshika kamba kwa mikono miwili na kuikanyaga ncha yake.

"Teremsha polepole, mama watoto," anasema.

"Usinifundishe kazi," mkewe anamjibu, na kamba inaanza kushuka.

Majirani humwita Fuko. Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya thelathini ameimalizia chini ya ardhi, akilipwa kwa mita. Mwamba ukigoma, mita moja inaweza kumlia wiki nzima. Muda wote huo mkewe amekuwa juu.

"Nilianza kumshikia kamba tukiwa wachumba," anasimulia mama huyo. "Wenzangu walipelekwa matembezi, mimi nikapelekwa shimoni."

Siku hizo chai ilishuka kwa ndoo na vicheko vikapanda. Fuko akizikumbuka, ni wazi kwamba anazitamani.

Miaka kumi na moja iliyopita walikuwa wakichimba nyuma ya nyumba ya muuza mbao. Walifika mita ya kumi na tisa, bado pakavu. Fuko alipiga mtaimbo ukutani, ukazama karibu wote. Upepo wa baridi ukampiga usoni, na ndani yake akasikia mvumo wa maji.

Alipanua tundu, akaona pango. Kamba haikutosha kuingia humo. Hapo akafanya jambo ambalo mchimba visima hafanyi kamwe: akaifungua.

"Nilisema naenda mara moja nirudi," anasema. "Nikakuta maji yanaanguka kutoka juu, kimo cha ghorofa mbili, meupe kabisa kwenye tochi yangu. Nikakaa chini. Nilisahau kama nina mke."

Juu, mkewe alihisi kamba imelegea. Akaivuta, ikaja tupu.

"Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikairudisha kamba chini, lakini nikajua tayari mimi ni mjane," anasema. "Yeye anajitokeza baadaye anacheka, ananiambia njoo uone maji. Maji gani?"

Hawakusemezana wiki nzima. Wataalamu wa maji walikuja, wakashuka, wakapima, wakaenda zao. Mkewe alikataa kushuka, na kila alipobembelezwa baada ya hapo alikataa tena.

Sasa muuza mbao anataka kujenga ghala, na mwezi ujao shimo lile litafunikwa kwa zege. Fuko hana raha.

"Kila kitu changu huyu mama amekiona, hata nisichotaka akione," anasema. "Kimebaki hicho kimoja, tena ndicho kizuri kuliko vyote. Kikifunikwa hajakiona, kitaniuma maisha."

Juzi jioni, wakiwa wanakusanya vifaa, mkewe alikubali bila hata kuombwa. Atashuka Jumapili, kwa sharti moja: atakayebaki juu kushika kamba ni Fuko mwenyewe, si mtu mwingine.

Fuko amenunua kamba mpya, ndefu ya kufika mpaka kwenye maji. Anakiri kwamba tangu hapo usingizi umempungua, na amemwomba mkewe jambo moja tu, kwamba asiifungue.

"Nitaona nikishafika," mkewe anasema, huku akiikunja kamba hiyo mpya.