Njia ya Rumonge wakati wa vita: tulisimama wapi, tukapita wapi, na nilivyogeuka mshenga

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kuna jamaa humu ameuliza asimame wapi kwenye road trip yake ya Hispania, na watu wanamtajia makanisa na fukwe. Hispania sijafika. Ila kuhusu kusimama njiani nina langu moja, lilinitokea Burundi miaka ya vita. Siongezi chumvi, halihitaji.

Nilikuwa nakaa Ngagara, mtaa wa mji mkuu, kwa dada yangu. Shule nilishaiacha, kazi sina, ila kila nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi.

Asubuhi moja nikatoka tu, bila mpango. Karibu na bandari nikakuta mtu anaosha pikapu ya Peugeot akiwa na kanzu mpya, ameikunja mpaka magotini. Huyo ndiye Hamisi, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi.

Nikamuuliza anaenda wapi.

"Rumonge. Kuposa."

"Peke yako?"

"Mujomba yangu ndiye angenisemea, amekwama Gitega, barabara imefungwa. Na baba ya binti amechoka kungoja. Nisipofika leo, anamupa mwingine."

Kwetu mposaji hajisemei, hata awe na ulimi wa asali. Nikamwambia nitamsindikiza.

Akanitazama kuanzia viatu. "We unajua kusema?"

"Sijui kunyamaza."

"Panda."

Sasa wale ambao hawakuwepo waelewe. Barabara ya kusini, ile inayofuata ziwa, ilikuwa inafunguliwa asubuhi wanajeshi wakishaipita, na alasiri inafungwa. Ukikutwa katikati, shauri yako. Kwa hiyo huwezi kusimama kila mahali, lazima uchague.

Mimi nilitaka kila mahali.

Mugere tukasimama kwenye lile jiwe kubwa walilochora majina yao wazungu wa zamani. Akina mama walikuwa wamepanga ndizi hapo chini. Nilizunguka jiwe lote nikisoma. Hamisi hakushuka. "Jiwe ni jiwe," akasema. "Umelisalimia, twende."

Mbele, tulipoipita Magara, nikaona ufuo ambao sijauona tena maishani. Mchanga mweupe, maji yametulia, michikichi imeinama. Hakuna hata unyayo.

"Sha, rafiki yangu, simama kidogo tuoge."

Yeye akaongeza mwendo, akaniuliza.

"Umeona mama wa ndizi pale?"

"Apana."

"Umeona hata mbuzi?"

"Apana."

"Basi mi sisimami."

Tukagombana, wakuu. Nikamwita mwoga. Akaniambia kama nataka kuoga nishuke, nguo zangu atampelekea dada.

Niliielewa hesabu yake baadaye. Miaka ile redio ya barabarani ilikuwa wauzaji. Aliyetandika bidhaa zake chini ameshasikia habari za asubuhi. Pakiwa pazuri na pamekauka watu, kuna jambo wao wanalijua na wewe hulijui.

Minago tukasimama vizuri. Watu tele, moshi, mukeke wa kuchoma. Mimi nakula, Hamisi anageuza samaki tu kwenye sahani. Mama aliyekuwa anachoma akamtazama, akaniuliza, "Huyu wa kanzu anaenda kuoa ao kuzikwa?"

"Bado hatujajua, mama."

Hata Hamisi alicheka. Kisha akala, na sehemu yangu pia.

Tuliingia Rumonge kizuizi kikikaribia kufungwa. Baba wa binti alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Nikaanza hotuba niliyoitunga njiani, ukoo wa Hamisi, ufundi wake, dini yake.

Akanikata. "Mi siulizi ukoo. Mulisimama wapi?"

Hotuba yangu haikuwa na sehemu hiyo. Nikaamua kueleza yote kama yalivyo, jiwe, samaki, na ufuo, nilivyotaka kuoga na huyu akakataa mpaka nikamtukana. Hamisi alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Nikajua nimeharibu ndoa ya watu.

Kisha mzee akageukia ndani, akamwita mkewe. "Mama Zuhura, leta chai."

Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu wa mudomo barabara itamumeza." Akamgeukia Hamisi. "Lakini we unaweza kupita na mutoto yangu."

Tulilazwa chumba cha nyuma, kati ya mapipa ya mawese, mkeka mmoja. Hamisi hakulala, alikuwa anatabasamu na dari.

Funzo langu: uzuri wa mahali utazame, ila kabla ya kufunga breki tafuta watu. Ule ufuo mpaka leo sijui ulikuwa na nini, na mimi ninayetaka kujua kila kitu, hicho nimekiacha.

Na wewe, kuna mahali pazuri ulipapita bila kusimama na hujajuta? Tuambie hapo chini.